Mikono Isiyo na Uso

Mnada ulikuwa umepamba moto. Klabu moja ya wavuvi wa kujifurahisha ilikuwa imekufa, wanachama wake wamezeeka na waliobaki wamegombana, na mali yake yote ilikuwa imemwagwa kwenye ghala refu la mabati: fimbo za kuvulia, viti vya boti, makoti ya mvua, makombe yaliyopoteza vifuniko. Watu walisukumana. Dalali alisimama juu ya kreti, sauti imemkauka, na joto lilishuka kutoka juu utadhani mtu amefunua sufuria.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani na hereni ndogo za duara. Alikuwa ameinua rili sikioni. Rili ni ile mashine ya kuzungushia mshipi, na hizi hazikuwa zile ndogo za kuvulia gatini, bali yale madude mazito ya rangi ya dhahabu yanayofungwa kwenye fimbo nene, boti ikaenda nayo huku chambo kikiburutwa nyuma, kumtafuta nduaro na jodari. Kufufua rili kuukuu za namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mjini pale wote walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wamehama.

Alizungusha mkono wa rili taratibu, akafumba macho.

"Dada," sauti ya kiume ilisema pembeni yake, "hiyo ni simu? Wanasemaje huko?"

Fundi alifumbua jicho moja. Mwanaume alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, uso umeungua jua la baharini.

"Wanasema imekwisha," alijibu. "Beringi zimeliwa na chumvi, breki imeganda. Atakayeinunua atajuta."

"Basi mwenye kujuta ni mimi. Nimefuata hizo hizo."

"Shauri yako. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Sikio la kufa ninalo kweli," yule mwanaume alisema, "lakini dawa naiona imesimama hapa, imevaa ovaroli."

Fundi aligeukia upande wa pili haraka ili asionekane akicheka. Lakini mabega yalimsaliti.

Dalali alipopiga nyundo, sanduku zima la rili likawa la yule mwanaume. Fundi alikuwa ameshafika getini aliposikia mtu akihema nyuma yake. Ni yeye, amekumbatia sanduku la rili kama mtu aliyebeba jirani aliyezimia, na lile shati zuri limeshikana na mgongo.

"Daktari! Ngoja basi! Umetangaza msiba, sasa njoo ufufue."

"Nani kakwambia mimi daktari?"

"Anayemwekea mgonjwa sikio kifuani anaitwaje?"

Hivyo ndivyo Fundi alivyopata jina la pili, na yeye mwenyewe akamwita yule mwanaume Nahodha, maana ndiyo kazi aliyokuwa akifanya: kuendesha boti ya kukodishwa na watu wanaotaka kuvua samaki wakubwa.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, nyuma ya duka la matairi. Ilinukia mafuta ya taa, chuma na chai. Mwenye karakana alikuwa Mjomba, kaka wa marehemu mama yake Fundi, aliyemlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha kazi. Siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu, hakuweza tena kuona skrubu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki na redio yake, akisikiliza mpira na kuwatukana marefa.

Nahodha alipoondoka siku ile ya kwanza, Mjomba alizima redio nusu.

"Nasikia harufu ya pasi."

"Shati lake limenyooshwa, Mjomba."

"Mwanaume anayenyoosha shati la kwendea kazini baharini! Samaki wanamwangalia?"

"Mjomba nawe!"

"Mimi sijasema kitu." Akarudisha sauti ya redio.

Rili za lile sanduku zilichukua muda. Fundi alifungua moja moja, akazitandika sehemu zake kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio, asije akapoteza hata springi iliyo nyembamba kama unywele. Skrubu zilizogoma alizilowesha mafuta, akazipasha moto kidogo, akazibembeleza. Grisi ya zamani, iliyogeuka nta ya kijani, aliikwangua kwa mswaki. Nahodha akawa kila akitia nanga anakuja kuangalia "wagonjwa," na kila akija anakaa zaidi. Mara ameleta maandazi, mara ameleta miwani mipya ya Mjomba isiyomsaidia kitu. Akaanza kukaa kimya akimtazama tu. Fundi naye, ambaye hakuwahi kuvaa hereni kazini, akaanza kubadilisha hereni kila siku.

Nahodha akiwa baharini alipiga simu.

"Umekula, Daktari wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula upepo. Hapa nina mteja amekamata jodari, anamwita jina la mkewe wa zamani."

"Breki inakwendaje?"

"Mimi nakuulizia moyo, wewe unaniuliza breki!"

"Moyo wangu uko kwenye breki. Jibu."

"Inateleza kama asali, mpenzi. Hata samaki anashukuru."

Penzi ni kikohozi. Halikufichika hata kwa Mjomba asiyeona. Nahodha alimweleza Fundi habari zake: wazazi wamekufa mapema, amelelewa na kaka yake, mtu mwenye maboti na maduka. Hata ile boti aliyoendesha ilikuwa ya kaka. "Kaka ndiye baba yangu," alisema. "Akikohoa tu, mimi nishatafuta dawa." Alisema akitabasamu, na Fundi akaona ni heshima. Naye si amelelewa hivyo hivyo?

Sasa, kila fundi ana chake. Breki za rili zile kubwa zinataka visahani vya kaboni vilivyopangwa kama sarafu, na Fundi alikuwa na namna yake ya kuvikata, kuvipaka grisi na kuvipanga, namna aliyoitafuta kwa miaka na kuipata baada ya kuharibu vingi. Mjomba alikuwa amemwonya: "Mtu mwonyeshe mashine ikifanya kazi. Tumbo lake usimwonyeshe." Lakini mtu akipenda hufungua hata lisiloulizwa.

"Ngoja nikurekodi," Nahodha alisema alasiri moja, akatoa simu. "Nikiwa mbali nikuangalie."

"Usinichukue uso, nimejaa masizi."

"Basi mikono tu. Hiyo mikono peke yake inanitosha kulala usingizi."

Fundi akakubali. Mikono yake ikaingia kwenye simu: vidole virefu, kucha fupi, kovu lililojipinda kwenye gumba la kushoto, pale springi ilipomchana alipokuwa msichana. Akakata visahani, akapaka, akapanga, akieleza kila hatua kwa sauti ya chini kama anayemwimbia mtoto. Alipofunga kifuniko cha rili, Nahodha aliweka simu mezani.

"Mbona umeacha? Bado kuna kazi," Fundi alisema.

"Nimechoka kukuangalia kwenye kioo," alisema, akamshika kiuno. "Mwezi ujao namleta Shangazi yangu kwenu kuposa. Utakuwa mke wangu?"

"Unaniuliza nina grisi mkononi?"

"Ningekuuliza una nini mkononi, Daktari? Hiyo ndiyo pete yako."

Mjomba akakohoa kwa makusudi kwenye kiti chake. "Mimi kipofu, siyo kiziwi."

Wakacheka wote watatu. Fundi baadaye aliikumbuka siku hiyo kama mtu anavyokumbuka nyumba iliyoungua.

*

Mwezi wa posa ulipowadia, Fundi alikwenda saluni. Msusi, rafiki yake wa tangu shule, alikuwa na mikono ya kasi na mdomo wa kasi zaidi. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, misuko membamba inamwagika begani kulia, upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona jini, Msusi alipochukua simu apumzike.

"Hebu ona hii, shoga. Si ndiyo mambo yenu haya? Watu wanaisambaza kila mahali."

Ilikuwa video ya tangazo. Duka jipya la zana za uvuvi, katikati ya mji. Mikono miwili ilikuwa ikikata visahani vya breki, ikipaka grisi, ikipanga. Muziki unapiga. Juu ya muziki, sauti nzito ya mwanaume inasema: *Katika karakana yetu, mafundi wetu wanatumia njia yetu wenyewe, iliyobuniwa na sisi.* Kwenye gumba la kushoto kulikuwa na kovu lililojipinda.

Fundi alitazama gumba lake, akatazama simu.

"Irudishe mwanzo," alisema.

Msusi alirudisha. Kisha naye akakitazama kile kidole, akaizima ile video.

Ile sauti Fundi aliifahamu. Alishawahi kuisikia kwenye simu ya Nahodha ikiamrisha mafuta, ikiamrisha barafu. Kaka.

Alitoka nje akiwa amesukwa nusu, watu wanamgeukia barabarani. Akapiga simu.

"Mpenzi wangu!" Nahodha alipokea. "Umeshakuwa bibi harusi?"

"Ile video ya mikono yangu ulimpa nani?"

"Video gani?"

"Nahodha."

"Nilimtumia Kaka. Zamani. Nilikuwa najisifu tu, Daktari, nilitaka aone mke ninayeoa ni mtu wa namna gani..."

"Nimeiona kwenye tangazo lake. Ulijua?"

"Mtandao huku mbaya, sikusikii vizuri. Niko baharini. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Lakini Fundi alikuwa amesikia, nyuma ya sauti yake, kijiko kinagonga kikombe.

Nahodha alipiga jioni yake, sauti imejaa asali. Kaka amekosea, amekiri. Kaka ataiondoa. Lakini Kaka si mtu wa kusukumwa, apewe nafasi, amwache yeye aongee naye taratibu, na isitoshe ugomvi wa nini wakati wanakaribia kuwa ndugu? Yeye yuko safarini na wateja, akirudi tu atamaliza kila kitu.

"Unaniamini?" aliuliza.

Fundi alitaka kuamini. Anayetaka kuamini huwa hahitaji kusukumwa sana.

"Nakuamini," alisema.

Video haikuondolewa. Ikawa inaonekana zaidi, na aliyeingia kwanza mlangoni kwa ajili yake hakuwa Nahodha. Alikuwa baharia mmoja wa makamo, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kiwiko, na mkewe nyuma yake amebeba rili kwenye mfuko wa rambo.

"Fundi ni yupi?" mke aliuliza.

"Ni mimi, mama. Karibuni."

Yule mwanamke hakukaa. Alimshika Fundi mkono wa kushoto, akaugeuza, akalitazama gumba.

"Ndiyo huu," alimwambia mumewe. Kisha akamwambia Fundi: "Mikono hii tumeiona kwenye simu. Mwenye boti yetu akanunua rili kwa sababu ya mikono hii. Nduaro akauma chambo, rili ikagoma ghafla, fimbo ikambana mume wangu na ukingo wa boti. Mfupa umevunjika mara mbili. Sasa niambie, mwanangu, unafanya kazi gani wewe ya kuvunja watu mikono?"

"Mama, hiyo rili sikuitengeneza mimi."

"Hii mikono ya nani?"

"Ni yangu. Lakini..."

"Basi."

Baharia ndiye aliyesema kwa upole, "Mke wangu, mwache afungue tuone."

Alifungua mbele yao. Visahani vilikuwa vimekatwa vizuri, vimepangwa kama alivyovipanga yeye, lakini vilikuwa vinaogelea kwenye grisi, na viwili vimegandana kama chapati zilizosahauliwa. Fundi alielewa palepale. Rili ikishafungwa, yeye huitundika, huufunga mshipi kwenye ndoo ya mchanga na kuuvuta tena na tena mpaka visahani vizoeane. Kisha huifungua upya, akafuta grisi iliyozidi na kutoa kisahani chochote kilichojikunja. Bila hivyo breki hukaa siku chache inateleza, halafu siku moja ikashika.

Sehemu hiyo haikuwa kwenye video. Hapo ndipo Nahodha alipoweka simu mezani ili amshike kiuno.

*

Hakungoja mtu arudi safari. Alivua ovaroli, akavaa gauni lake la kijani alilokuwa ameliweka kwa siku ya posa, kwa sababu ndilo lililokuwa safi, akafunga kilemba juu ya nywele alizokuwa amemaliza kusuka mwenyewe ovyo ovyo, akaenda mjini.

Duka lilikuwa na vioo kila upande na kiyoyozi kinachouma masikio. Rili zimepangwa juu ya kitambaa cheusi chenye manyoya, zinang'aa nje. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa kama mlango, na ndani yake mikono yake mwenyewe, kila kidole kirefu kama mtoto, inakata, inapaka, inapanga. Wateja wamesimama wakiitazama. Na nyuma ya kaunta, shati jipya la duka limenyooshwa pasi, Nahodha alikuwa akimfungia mteja bidhaa.

Yule aliyekuwa baharini.

Aliinua macho. Tabasamu la kumkaribisha mteja likabaki usoni kwake, halina mahali pa kwenda.

Fundi hakupaza sauti. Alisogea mpaka kwenye skrini, akauinua mkono wake wa kushoto ukawa sambamba na ule mkubwa, kovu na kovu. Wateja wakageuka.

"Nahodha," alisema. "Hawa hawanijui, wewe unanijua. Waambie. Mikono hii ya nani?"

Kaka alitoka ofisini, mtu mnene mwenye suti ya kijivu, anapangusa midomo kwa leso. Nahodha alimtazama Fundi. Kisha akamtazama Kaka. Akamtazama muda mrefu, kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kwenda msalani.

"Tutaongea nyumbani," alisema.

"Nimekuuliza hapa."

"Tafadhali, Daktari. Nyumbani."

"Dada," Kaka aliingilia, sauti imelainika kama ya kwenye tangazo, "mikono ni mikono. Kila mtu kapewa miwili."

Mteja mmoja alicheka. Wengine wakacheka kwa kumfuata. Nahodha hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga kile kifurushi, akizungusha utepe wa gundi mahali palipokwisha kufungwa.

"Kuna mtu amevunjika mkono," Fundi alisema, kwa wote. "Rili hizi zimerukwa hatua. Msizipeleke baharini."

Walimtazama kama wanavyotazamwa wanaoongea peke yao barabarani. Akatoka. Alifika kwenye ngazi za jengo la jirani. Akakaa hapo na gauni lake la posa, akalia bila kujifunika uso.

Alipofika nyumbani Mjomba alikuwa anasikiliza mpira. Alizisikia hatua zake tu, akazima redio kabisa, wakati mechi haijaisha. Fundi alijitayarisha kusikia *si nilikwambia*. Halikuja. Mjomba alinyoosha mikono hewani mpaka akakipata kichwa chake, akamkalisha chini mbele ya kiti, akaanza kuifumua ile misuko mibaya, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vilivyofumua mishipi iliyojisokota maisha yake yote.

"Alinijua, Mjomba," Fundi alisema. "Angekuwa hanijui nisingeumia."

"Najua, mama. Tulia."

*

Simu ya Nahodha ililia siku hiyo na siku zilizofuata. Fundi aliiacha ilie. Kazi ilipungua, maana habari ya mikono yenye kovu inayovunja watu ilikimbia kuliko ya duka. Baharia na mkewe peke yao walirudi, wakamletea ndizi, mke akaomba radhi akiwa amesimama mlangoni anatazama chini. "Nilimkosea mwenzangu," alisema. "Mume wangu alinieleza njiani ulichotuonyesha." Fundi akamkumbatia, na kwa namna fulani wakalia wote wawili.

Kisha Nahodha akaja mwenyewe. Amekonda, shati limekunjamana.

"Nisikilize tu, halafu unifukuze. Kaka alinitoa boti kabla hata hajafungua duka. Alisema nikae kaunta nijifunze biashara. Nikaona aibu kukwambia. Video nilipoiona ukutani nilimwomba aitoe. Akaniuliza, nani alikulisha? Nikanyamaza. Ukishanyamaza mara ya kwanza, Daktari, ya pili inakuja yenyewe."

"Na baharini? Ulikuwa unanipigia simu ukiwa baharini gani?"

"Stoo. Nyuma ya duka."

Fundi alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Umeniibia mbele za watu, unaniomba uchochoroni. Nenda."

Akaenda. Mjomba, kwenye kiti chake, akasema polepole, "Leo hakunyoosha shati."

Haikupita muda, Msusi akapiga simu, anapiga kelele. Alikuwa kwenye mashindano ya uvuvi, pale samaki wanapopimwa na manahodha wote wa mji wamekusanyika. Kaka alikuwa mfadhili, duka lake limetundika mabango.

"Usikate! Sikiliza! Kachukua kipaza sauti! Nakuwekea spika!"

Upepo, makelele, kisha sauti aliyoijua.

"...mimi ni nahodha, wengi mnanijua. Ile mikono mliyoiona kwenye tangazo si ya duka letu. Ni ya Fundi, wa nyuma ya duka la matairi. Aliniamini akanionyesha kazi yake, mimi nikaitoa. Rili zinazouzwa dukani hazikukamilika. Mzirudishe, msiende nazo baharini. Baharia aliyevunjika mkono alivunjwa na sisi. Mwenyewe alikuja akaniuliza mbele ya wateja, mikono hii ya nani, na mimi..." Kipaza sauti kikakwaruza. "Nilijua. Nikanyamaza. Ni yake."

Kishindo, kipaza sauti kikapiga mluzi, Kaka akatukana bila kujua bado anasikika. Msusi alikuwa analia na kucheka. "Umesikia? Shoga, umesikia?"

Fundi alikuwa ameishikilia simu kwa mikono miwili. "Nimesikia," alisema.

Rili zikaanza kurudishwa, na nyingi zikaletwa kwake. Kaka alimfukuza mdogo wake nyumbani siku ileile, akamwekea nguo zake barabarani. Na wiki iliyofuata Shangazi alikuja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, kitenge kipya kikichakacha kila akipiga hatua, Nahodha nyuma yake kama aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa miguu yangu, na goti linaniuma, kwa hiyo sitazunguka. Huyu mtoto wetu ni mjinga. Lakini ujinga wake ameutangaza kwenye spika. Amepoteza kazi, amepoteza kaka. Amebakiwa na nini? Nimekuja kukuomba, mkwe wangu, asikupoteze na wewe."

Mjomba aliinamia redio yake. Uamuzi aliuacha kwa mwenyewe.

Fundi alipiga magoti mbele ya Shangazi, akamshika mikono.

"Shangazi, nimemsamehe. Nakwambia mbele yake na mbele ya Mjomba, sina kinyongo. Ila kuolewa, hapana."

"Humpendi?"

"Nampenda." Hakumwangalia Nahodha. "Ila kila nitakapomuuliza neno, nitakuwa natazama anamwangalia nani kabla hajanijibu. Ndoa gani hiyo, Shangazi? Nitamchosha, na mimi nitachoka."

Shangazi alimwinua. Akampapasa shavu. Nahodha alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanapanda na kushuka.

Walipoondoka, Mjomba alipangusa macho yake yasiyoona kwa pindo la shati. "Sasa mimi ndiyo nilikuwa naanza kumpenda," alinung'unika.

Nahodha alipata kazi ya boti kwenye bandari nyingine, mbali, kwa watu wasiomjua kaka yake. Alituma ujumbe mmoja tu: basi linaondoka asubuhi. Fundi alijiambia haendi. Akajiambia hivyo akiwa anafunga kitambaa kichwani, akajiambia hivyo njia nzima mpaka kituoni.

Alimkuta amesimama karibu na mlango wa basi, begi begani, kati ya wachuuzi wa maji na kina mama wanaoagana na wana wao. Kondakta alikuwa anapiga bodi la gari kwa kofi.

"Umekuja," Nahodha alisema.

"Nilikuwa napita."

"Kituo cha mabasi?"

"Watu wanapita."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawaacha peke yao.

"Nikikaa huko mwaka, miwili," alisema, "nikawa mtu mwingine..."

"Kuwa mtu mwingine kwa ajili yako."

"Ukiniambia nisipande, sipandi. Sema tu. Nitasikia hapa hapa, mbele ya watu wote."

Kondakta akapiga bodi tena. Fundi alimtazama uso mzima, kama anayeupima. Neno lilikuwepo, lilishafika mpaka kwenye meno. Akainua mkono, na Nahodha akafumba macho akidhani anashikwa shavu. Lakini mkono ulipita ukaenda begani.

"Begi lako limeachia zipu," Fundi alisema.

Zipu ilikuwa imekwama kwenye uzi. Aliutoa ule uzi kwa kucha, taratibu, akaisukuma nyuma kidogo, akaivuta mpaka mwisho. Ikafunga vizuri.

"Haya," alisema. "Panda, watu wanakungoja."

Akapanda.